Kamba Irefukayo

Msomaji wangu, kama umezaliwa shamba kama mimi, labda utacheka kusikia kwamba mtu mzima amekaa kitako kuandika juu ya kamba ya mbwa. Hata mimi nilicheka mwanzo. Kwetu Kendu Bay, ukingoni mwa Ghuba ya Winam, mbwa hakujua kamba. Alilala jikoni penye jivu la moto, usiku akaamka kubweka, mchana akawafuata wachungaji, na njaa ilipomzidi alikwenda zake ufukoni kutafuta vichwa vya samaki. Aliyefungwa kamba alikuwa mbuzi, na elimu yote ya kamba tuliyokuwa nayo ilikuwa elimu ya mbuzi.

Elimu hiyo haikuwa haba. Bibi yangu, ambaye kwa lugha ya kwetu twamwita Dani, hakupigilia kigingi ardhini kabla ya kupima kamba kwa hatua zake. Wewe uliye darasani waweza kuipima kwa hesabu. Mbuzi mwenye kamba ya meta 3 anamiliki mviringo wa majani wenye meta za mraba 28 hivi. Irefushe kamba hiyo iwe meta 6, na majani hayaongezeki mara mbili, bali mara nne, yakawa meta za mraba 113. Kwa hiyo kamba iliyozidi hatua moja tu huweza kumfikisha mbuzi katika mahindi ya jirani, na jioni mkaketi mbele ya wazee kuamuliwa. Dani hakufundishwa habari za mviringo shuleni, lakini sijapata kuona mbuzi wake akishitakiwa.

Basi binamu yangu aishiye ng'ambo alikuja likizo akaniletea zawadi kwa ajili ya Simba, mbwa wetu mwenye rangi ya mchanga. Kilikuwa kibweta cha plastiki chenye mpini, na ndani yake ulizungushwa ugwe mwembamba wa meta 5. Mbwa akienda mbele ugwe hutoka. Akirudi, nao hurudi wenyewe ukajizungusha ndani, mithili ya futi ya chuma ya seremala. Penye kidole gumba pana kitufe, ndiyo breki: ukikibonyeza ugwe husimama pale ulipofika.

Siri yake ni kamani, yaani ule utepe wa chuma uliokunjwa kama konokono, ulio pia ndani ya saa za kutia ufunguo. Ugwe ukivutwa, kamani hukazika. Ukiachwa, kamani hujikunjua na kuurudisha. Usidhani kuwa jambo hili ni geni kabisa kwetu. Nenda gatini ukamtazame mvuvi akiwasha injini ya mashua: huvuta kamba kwa nguvu, injini ikanguruma, na kamba ikarudi mahali pake bila kusaidiwa. Ni ufundi ule ule. Huko Marekani, Mary Delaney wa New York alipewa hataza ya kamba ya mbwa ijikunjayo mwaka 1908. Lakini aliyeifanya ienee duniani ni Mjerumani, Manfred Bogdahn, katika miaka ya 1970, naye husimuliwa kuwa fikira hiyo aliitoa katika kamba ya kuwashia msumeno wa injini.

Nakiri kwamba juma la kwanza nilikipenda kibweta kile. Asubuhi nilimchukua Simba kwa njia iendayo Ziwa Simbi, ambako heroe huonekana wakichuja chakula chao katika maji ya magadi, na sijapata kumwona mbwa akifurahi namna ile. Mbwa huijua dunia kwa pua. Kwa kamba ya kawaida ya meta 2 hupewa meta za mraba zisizofika 13 za kunusa. Kwa ugwe wa meta 5 hupewa 78, zaidi ya mara sita. Alikwenda kwenye kichuguu, akarudi kwenye mti, akanisubiri, nami nikatembea kwa mwendo wangu bila kuvutwa mkono. Kamba haikuburura katika matope wala haikumzonga miguuni. Mahali peupe pasipo watu, sina neno baya juu yake.

Lakini Kendu Bay si mahali peupe pasipo watu. Siku ya soko niliteremka naye hadi ufukoni. Wajua jinsi omena wanavyoanikwa: nyavu kuukuu hutandazwa chini, na juu yake samaki wadogo kama vidole vya mtoto hung'aa juani, maelfu kwa maelfu, na mama mwenye mali yake huketi kando akifukuza kunguru. Nilikuwa nikisalimiana na mtu. Mbwa aliye umbali wa meta 5 hayuko nawe, ingawa mpini u mkononi mwako. Na kabla gumba langu halijakumbuka breki, Simba alikuwa katikati ya wavu.

Nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Niliukamata ugwe kwa mkono wa kushoto ili nimvute. Mbwa akashtuka akakimbia, na ugwe ukapita kiganjani mwangu kama msumeno. Kamba ya katani ni nene, nayo hukupa mahali pa kushika. Ugwe ule haukuwa mnene kuliko kamba ya kiatu. Kovu ninalo hadi leo, nami nahesabu kuwa nilibahatika, kwa maana wako watu waliokatwa vidole na nyuzi za namna hii walipozizungusha mkononi. Mama yule alinitazama mimi, akamtazama mbwa, akasema, "Mwanangu, umemfunga mbwa au mbwa amekufunga wewe?" Nikamlipa omena wake.

Hayo yangekuwa mambo ya kucheka tu, kama yasingefuatwa na siku ya chanjo. Ilitangazwa kwamba wataalamu wa mifugo watachanja mbwa katika uwanja wa shule, karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani; ndiyo tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, miaka kumi baada ya kumchanja mtoto wa kwanza. Usiudharau ugonjwa huu. Nchini Kenya ulithibitishwa mwaka 1912, katika mbwa karibu na Nairobi, na haujatutoka. Virusi vyake hukaa katika mate, hupita penye jeraha la meno, na dalili zikisha kumtokea mtu, kupona kwake ni nadra mno. Aliyeumwa hana budi kuosha jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Mwaka 2014 serikali ilitoa mpango wa kukomesha vifo hivyo ifikapo mwaka 2030, na nguzo yake ni kuchanja mbwa: wakichanjwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Hebu ufikirie uwanja wenye mbwa wengi ambao hawajapata kufungwa maishani mwao. Wengi waliletwa na watoto, kwa kamba za mbuzi, kwa vipande vya nyavu, mmoja kwa mshipi wa suruali ya babake. Mimi nilifika na kibweta changu cha ng'ambo, na watoto wakaja kukitazama, nami, Mungu anisamehe, nikavimba kichwa. Mbwa mmoja alibweka. Simba akaruka, ugwe ukatoka wote hadi mwisho, ukakaza ghafula, na mpini ukaniponyoka.

Hapo ndipo nilipoiona aibu kubwa ya chombo hiki, ambayo hakuna aliyenionya. Kamba ya kawaida ikianguka hulala chini. Hiki hakilali. Kamani huuvuta ugwe, na mpini wa plastiki hukimbia juu ya mawe ukigonga, moja kwa moja kumwelekea mbwa. Simba aliona kitu kinamfukuza. Akakimbia kukikimbia, nacho kikamfuata kwa sababu amefungwa nacho; kadiri alivyozidi mbio ndivyo kilivyozidi kelele. Njiani ugwe ulimzonga mtoto wa dada yangu mguuni ukamchubua ngozi, akalia. Mbwa akavuka barabara ya Katito mbele ya pikipiki, ikamkosa kwa shubiri, akapotelea katika vichaka.

Nilimtafuta hadi magharibi. Kilichoniuma si mbwa peke yake. Mbwa wote wa jirani zetu walikuwa wamechanjwa, wale wa kamba za mbuzi na mshipi wa suruali, na wangu alikuwa porini bila chanjo, ambako angeweza kuumwa na yeyote na kurudi kulala jikoni kwetu kando ya watoto. Usiku ule sikulala. Alirudi alfajiri, anachechemea, ugwe umekatika, shingo imechubuka. Dani alimkagua mwili mzima kwa taa, mguu baada ya mguu, akitafuta alama ya meno, wala hakuiona. Kisha akaingia ghalani akatoka na kamba ya mbuzi. Akaipima kwa hatua zake mbili. Akanipa.

"Hii," alisema.

Tulikwenda kwa miguu kumtafuta mtaalamu wa mifugo mahali alipokuwa akichanja siku hiyo. Simba alitembea kando yangu, bega lake likigusa goti langu, na sindano alidungwa bila kupiga kelele. Cheti chake nimekihifadhi pamoja na vyeti vyangu vya shule.

Ukiniuliza leo, nitakwambia kuwa kibweta kile kinamfaa mbwa aliyekwisha kufundishwa, mahali penye nafasi, mkononi mwa mtu asiyezungumza na watu njiani. Kwa mbwa mvutaji ni mwalimu mbaya, maana kila avutapo hupewa kamba zaidi, akajifunza kwamba kuvuta ndiko kupata. Penye soko, pikipiki na watoto, kamba fupi. Na ukiwa nacho, shika mpini tu.

Ugwe uliokatika Dani aliuunga kwa fundo la wavuvi. Sasa huufunga kati ya mwembe na nguzo ya jiko, akatia breki, akaanika shuka zake mbili na leso. Akisha kuzianua hubonyeza kitufe kwa gumba. Ugwe hurudi ndani kwa mlio wake ule, na Simba huondoka penye jivu akaenda kulala nyuma ya nyumba.