Usiilaumu pedali kabla ya kumwona fundi

MPENZI msomaji, kama kuna kijana nyumbani kwako anayepiga gita, ipo siku atakujia akitaka pesa za kijisanduku cha chuma kinachokanyagwa kwa mguu. Usimfukuze. Lakini pia usiingize mkono mfukoni kabla hujanisikiliza.

Mimi nilijiwa na mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, Jumamosi moja tukinywa chai. Alikuwa na shilingi 14,000 alizodunduliza kwa kupiga gita harusini na kuwafunza watoto wa jirani.

"Mjomba," akaniuliza, "ninunue ovadraivu pacha, ama ninunue mbili mbalimbali nizifuatanishe?"

Hata hakumeza mate, nikamjibu kwa ukali: "Pacha usiguse! Ilinitia aibu mbele ya watu."

Huenda wewe msomaji hujui tunazungumzia nini. Amplifaya za zamani zilipofunguliwa sauti kupita kiasi, zililemewa, na gita likatoka na mkwaruzo. Wapigaji wakaupenda mkwaruzo huo. Ovadraivu ni pedali inayouleta bila ya kuwapasua majirani masikio.

Tube Screamer ya Ibanez ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1970. SD-1 ya Boss ilifuata 1981, na Blues Driver ya kampuni hiyo hiyo ikaja 1995. Stevie Ray Vaughan, yule Mmarekani wa Texas aliyefariki 1990, aliitumia Tube Screamer kuzisukuma amplifaya zake.

Si kila muziki unaihitaji. Gita la benga la D.O. Misiani na Shirati Jazz lilitoka safi kama matone ya maji, na watu walicheza hadi asubuhi. Lakini vijana wa bendi za kanisa na wapenzi wa roki hawalali bila hiyo.

Sasa turudi kwenye aibu yangu.

Miaka miwili iliyopita, rafiki yangu mpiga besi wa bendi yetu aliniuzia pedali pacha: ovadraivu mbili ndani ya sanduku moja. Upande mmoja niliutumia kumsindikiza mwimbaji, wa pili nikaukanyaga zamu yangu ya kung'ara ilipofika. Kwa miezi mitatu nilitembea kifua mbele.

Kisha tukaalikwa harusi mjini Thika. Asubuhi tulijaribu vyombo, mambo yakawa shwari. Kabla maharusi hawajaingia, wapambaji wakatuomba tusogee kando. Tukachomoa kila kitu, tukasogea, tukachomeka upya haraka haraka.

Bi harusi alipotokeza mlangoni, nikakanyaga pedali. Kimya. Nikakanyaga upande wa pili. Kimya! Nilipiga magoti nikipapasa waya, hadi nilipoliunganisha gita moja kwa moja na amplifaya. Wakati huo bi harusi alikuwa ameshaketi. Mwenye sherehe alitukata nusu ya malipo, na katika bendi yetu wapo wanaolipia kodi ya nyumba kwa pesa hizo.

Nilimgeukia rafiki yangu mbele ya wenzetu. "Umeniuzia mkebe!" nikamwambia, na mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa. Hakujibu. Wiki iliyofuata hakuja mazoezini, wala hakurudi tena.

Mimi nikanunua pedali mbili mbalimbali, na tangu siku hiyo nimekuwa nikihubiri dhidi ya pacha.

Mpwa wangu alisikiliza hadi mwisho, akatua kikombe. "Na fundi alisema iliharibika nini, mjomba?"

Nilikohoa. Msomaji, sikuwa nimeipeleka kwa fundi yeyote. Ilikuwa juu ya kabati, ndani ya mfuko ule ule wa harusi, adapta yake ikiwa ingali imechomekwa.

Jumatatu niliipeleka Luthuli Avenue. Fundi hakuifungua. Aliichukua adapta kwanza, akaigeuza, akasoma maandishi madogo ya nyuma. "Hii ni ya kinanda," akasema. "Volti 12, chanya katikati. Pedali yako inataka volti 9, hasi katikati. Nani alichomeka hii?"

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Siku ile ya harusi mpiga kinanda wetu aliitafuta adapta yake hadi akachoka, akapiga kwa betri, baadaye akanunua nyingine. Adapta zile zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Katika ile haraka ya kuchomeka upya, niliokota yake.

Fundi alifungua pedali, akanionyesha daiodi ndogo iliyoungua ikiwalinda wenzake. Aliitoa, akatia nyingine, akanitoza shilingi 300. Pande zote mbili zikawaka.

Shilingi 300 tu! Na kwa ajili yake nilimvunjia mtu heshima na kumpoteza kwa miaka miwili.

Jioni nilimwita mpwa wangu nikamjibu upya, safari hii kwa haki. Nayo ni haya.

Pedali pacha ina faida zake. Ni adapta moja, waya chache, na inaingia kwenye begi unapopanda matatu. Mara nyingi mtengenezaji ameshazilinganisha pande mbili zipatane. Iko pacha moja ya Marekani, King of Tone ya Analog Man, inayopendwa hivi kwamba watu hujiandikisha kwenye orodha na kungoja kwa miaka.

Hasara yake ni kwamba umeoa mke pamoja na dada yake. Ukichoka na upande mmoja, huwezi kuuuza peke yake. Ikipelekwa kwa fundi, umebaki bila yote mawili. Na nyingine zimefungwa mpangilio: huwezi kuamua upande upi utangulie.

Mpangilio si jambo dogo. Muulize mama jikoni kama ni mamoja kutangulia kitunguu au nyanya. Pedali ya mkwaruzo mdogo ikitangulia na kuisukuma ile ya mkwaruzo mkubwa, mkwaruzo huzidi lakini sauti haipandi sana. Ukiigeuza ikae nyuma, gita hupanda juu ya bendi nzima, na mkwaruzo hubaki karibu ule ule. Kwa hivyo ukinunua pacha, tafuta yenye swichi ya kugeuza mpangilio, au yenye matundu ya kuingizia na kutolea sauti kwa kila upande.

Pedali mbalimbali zinakupa uhuru huo tangu mwanzo. Unanunua moja leo, nyingine mwakani. Unabadilisha, unauza, unaazima. Lakini kila waya unaoongeza ni mahali pengine pa kuharibika. Nimewahi kusimamisha kwaya nzima Jumapili nikitafuta waya mfupi uliokatika, nao ulikuwa kati ya pedali zangu mbili nizipendazo.

Tena, uwe na pacha au mbalimbali, ukiziwasha zote mbili, ule mvumo wa ya kwanza hukuzwa na ya pili. Usifungue zote hadi mwisho. Na usiunganishe mbili za tabia moja. Tube Screamer hupunguza besi na kuinua sauti za kati; ukiweka mbili zenye tabia hiyo, gita linaweza kusikika kama mtu mwenye mafua. Iunganishe na isiyokata besi sana.

"Kwa hivyo ninunue ipi?" mpwa wangu akauliza.

Nilimwambia anunue moja tu, iliyotumika, ya aina ya kawaida ambayo fundi yeyote anaijua. Aipige miezi sita hadi aelewe kila kifundo. Halafu gita lenyewe litamwambia linakosa nini. Pesa nyingine anunue waya imara na adapta iliyo sahihi, na aiandike jina lake kwa kalamu nyeupe.

Alitumia shilingi 8,500. Zilizobaki bado anazo, au ndivyo anavyonihakikishia.

Mimi nilikuwa na deni zito zaidi. Nilimpelekea mpiga kinanda adapta yake, akacheka hadi machozi. Kisha nikaenda kwa yule mpiga besi nikiwa na pedali mkononi. Alinifungulia, akaniangalia kwa muda mrefu bila kusema. Nilimweleza yote mlangoni pale pale, daiodi na adapta, nikamwomba radhi.

"Ungeniuliza tu," alisema. "Ningekuambia tuangalie adapta."

Hakurudi kwenye bendi, ameshapata nyingine. Lakini alinikaribisha ndani, mkewe akatuletea chai.

Wahenga walisema hasira hasara. Mpenzi msomaji, kitu kikikufia mikononi, kabla hujamtafuta wa kumlaumu, soma kwanza maandishi madogo ya nyuma ya adapta.