Swali Lililochekwa

Ndugu mwanachuo, kosa ninalolisimulia hapa nililitenda mwenyewe, mbele ya darasa langu.

Nilikuwa nikifundisha sehemu za kompyuta. Nilieleza kwamba kumbukumbu huhifadhi data na kichakataji hukokotoa, na kwamba mpango huo umefuatwa tangu John von Neumann alipouandika mwaka 1945. Kwa kukosa zana nyingine, niliweka kadi za namba kabatini, nyuma ya darasa. Mwanachuo mmoja akawa mpagazi wa kuzileta mbele. Mwingine akazijumlisha ubaoni. Haukupita muda mpagazi akawa anatweta, na mwenye chaki anamngoja. Wote wakaona kwamba kazi kubwa haikuwa kujumlisha bali kubeba. Ndivyo ilivyo katika kompyuta: kuleta namba kutoka kumbukumbu kuu hutumia nishati mara mia kadhaa kuliko kuijumlisha.

Hapo mwanachuo mmoja, mwenyeji wa Bagamoyo, akauliza: "Mwalimu, kwa nini hesabu isifanywe hukohuko kabatini? Kule Nunge hatubebi maji ya bahari kuyapeleka mjini ili tupate chumvi. Jua huyakausha papo hapo bwawani, nasi hubeba chumvi tu."

Darasa likacheka. Nami nikajibu kwamba kabati halina akili. Akaketi, na kwa majuma mengi hakuuliza tena.

Baadaye, katika kujisomea, niligundua kwamba wahandisi wamelifanyia kazi swali lilelile. Kampuni ya UPMEM ya Ufaransa ilitengeneza chipu za kumbukumbu zenye vichakataji vidogo vinane kila moja, kila kichakataji kikihudumia megabaiti 64 zake. Mwaka 2021, Samsung ya Korea Kusini nayo ilitangaza kumbukumbu yenye uwezo wa kukokotoa.

Nikarudi darasani, nikamwomba radhi mbele ya wenzake, nikamwachia alirudie somo. Aligawa kadi katika masanduku manne, kila sanduku na mjumlishaji wake. Ubaoni zikaletwa namba nne tu. Kisha nikawataka watafute namba zilizojirudia katika masanduku yote. Wakakwama, maana aliye kwenye sanduku moja hakujua yaliyomo katika jingine, na kila habari ilibidi ipitie ubaoni. Vichakataji vya UPMEM vina udhia huohuo: havipashani habari vyenyewe, ila kupitia kichakataji kikuu. Kwa hiyo mwandishi wa programu hana budi kuzigawa data kwa busara tangu mwanzo, na si kila kazi inayofaa kufanywa hivyo.

Siku ile darasa lilijifunza uwezo wa njia hiyo pamoja na mipaka yake, na yote yalitokana na swali nililokuwa nimelizima.

Utakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, utasikia swali ambalo darasa zima linalicheka. Usicheke nao. Chukua kadi na masanduku, ukalijaribu swali hilo pamoja na aliyeuliza.