Malenga Asiye na Jina

Muyaka bin Haji wa Mombasa aliwatetea Mazrui kwa tungo zake dhidi ya Sayyid Said katika karne ya 19. Beti hizo zilipita midomoni mwa watu zikisifu, zikikebehi, zikichochea. Hata hivyo, zilikuwa na mwenyewe. Aliyetaka kumjibu alijua mlango wa kubisha.

Kijana mmoja wa Nairobi, mhitimu wa shahada ya Kiswahili, alizisoma tungo hizo darasani kwa mapenzi makubwa. Ulipowadia uchaguzi wa Agosti 2022, kazi pekee aliyoipata ilikuwa kumtungia mgombea. Kila asubuhi yeye na wenzake walipokea, katika kikundi cha WhatsApp, mada yenye alama ya reli pamoja na madondoo ya kuanzia. Kila mmoja aliandika kwa akaunti kadhaa zenye majina ya kubuni, hadi mada ikavuma kwenye Twitter. Msomaji alidhani ni nchi inayonena, kumbe ni watu wachache tu! Ujira ulikuja kwa M-Pesa.

Biashara hiyo haikuanza naye. Mwaka 2017, video zilizomchora Raila Odinga kama janga la taifa zilienea bila kutaja mtunzi. Shirika la Privacy International lilifuata nyayo za tovuti iliyozibeba hadi kampuni ya Harris Media ya Texas, Marekani. Mwaka 2021, uchunguzi wa wakfu wa Mozilla ulionyesha kwamba wapiga debe wa kukodiwa nchini Kenya walilipwa takriban dola 10 hadi 15.

Si haki, lakini, kudai kwamba kila neno la wagombea mitandaoni ni hila. William Ruto alipojiita hasla na kuinua wilibaro, alinena kwa kinywa chake, na mlalahoi akajiona humo. Ndiyo maana Juni 2024 vijana walijua wa kumuuliza, katika mitandao iyo hiyo na barabarani.

Siku chache kabla ya kura, shangazi yake kijana yule, muuza mboga, alimtumia ujumbe uliodai kwamba mpinzani angewafurusha wachuuzi sokoni. "Mwanangu, wewe umesoma. Haya ni kweli?"

Aliyatambua maneno yake mwenyewe, hata takriri aliyoipachika mwishoni. Akaandika jibu, akalifuta. Kura zilipigwa kabla hajamjibu.