Jangwa la unga wa mninga

Najua nimepotea, mnisamehe. Wiki tatu hizi kila jioni nilikuwa na msasa mkononi, na mwenzangu wa chumba ameapa kwamba hata chai yake ina ladha ya mbao.

Ilianza hivi. Sisi wa ualimu tuna zoezi la kutengeneza zana ya kufundishia, halafu unaitumia mbele ya wenzako wanaojifanya wanafunzi wa kidato cha pili, mhadhiri kakaa nyuma na kalamu yake. Wengi huchora chati. Mimi nilipangiwa Jiografia, mada ya mazingira, na nilikuwa nimetoka kuangalia Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009. Kama hujaiona itafute, ni dakika ishirini na kitu tu. Ni Afrika Mashariki ya baadaye, miaka 35 baada ya vita vya kugombea maji. Watu wanaishi ndani ya jumba lililofungwa. Umeme wanauzalisha wenyewe kwa kufanya mazoezi kwenye mashine, na jasho na mkojo wao unachujwa wanakunywa tena. Nje hakuna mti. Halafu kuna dada anaitwa Asha, wa makumbusho, analetewa udongo kwenye kasha, anatia mbegu kongwe, na mbegu inaota! Wakubwa hawataki hata kusikia. Anatoroka nayo jangwani.

Nikasema hii naijenga kwa mbao. Sanduku la sentimita 60 kwa 40, wazi mbele, kushoto jumba, kulia jangwa. Mandhari ndogo ya namna hiyo inaitwa daiorama.

Bumu lilikuwa limeshakata (si mnajua tena), basi nikapanda daladala hadi Keko kwa mafundi samani, kuomba mabaki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Kitanda au kabati?"

Nilipomweleza akacheka, lakini akanijazia mfuko mzima vipande vya mninga na plaiwudi, bure. Nilirudi kwake mara nne. Ukuta wa jumba nilitaka uwe wa mviringo, na plaiwudi yangu kila nikiikunja inapasuka, hata nikiilowesha. Mzee akachukua msumeno, akachanja mistari upande wa ndani, mmoja kila baada ya sentimita moja, bila kufika chini. Akaikunja kama mkeka. Nilitamani kupiga makofi. Asha mwenyewe, urefu wa sentimita tatu, nilimchonga mara tano. Wanne walikatika shingo, maana nilikuwa nakata kipande nyuzi za mbao zikiwa zimelala. Zikisimama, shingo inakaa. Jangwa sikulipaka rangi kabisa. Nilichekecha unga wa mninga kwa chujio la chai (samahani mwenzangu wa chumba, sasa umejua) nikaunyunyiza juu ya gundi, ukatoka wekundu wa kahawia, jangwa tupu.

Mara ya nne mzee akaliangalia sanduku, akauliza, "Sasa binti, dunia yenyewe haina mti hata mmoja, na wewe unaijenga kwa mninga?"

Tukacheka wote. Mimi nilicheka kidogo kuliko yeye.

Kwetu ni Urambo, Tabora. Mninga ni mti wa kwetu. Ukiukata unatoa utomvu mwekundu, na tulipokuwa wadogo tulijua kabisa kwamba ni damu. Na baba analima tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa ndani ya bani kwa moto wa kuni, usiku na mchana, karibu wiki nzima. Sare zangu, nauli, godoro la bweni, vyote vimetoka kwenye moto ule. Nilipoanza shule kuni tulikuwa tunaokota nyuma ya nyumba. Nilipomaliza kidato cha nne, kaka zangu walikuwa wanaondoka na mkokoteni wa ng'ombe alfajiri, wanarudi giza limeingia.

Siku ya siku ikafika. Mche wa Asha nilitaka uwe hai kweli, kwa hiyo nilipanda choroko kwenye kizibo cha chupa, nikakipachika mbele yake. Nikapanda mapema mno. Asubuhi ya darasa choroko ilikuwa imemzidi Asha mara tatu na imeinamia dirishani. Darasa zima kwikwikwi. Nikaendelea hivyo hivyo, mpaka mmoja wa "wanafunzi" akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbao hizi zimetoka wapi?"

Ningeweza kusema Keko. Nikasimulia bani la baba badala yake, na mkokoteni, na godoro langu. Sauti ilinitetemeka kidogo. Nikapitiliza muda dakika sita, na mhadhiri akanikata alama, haki yake.

Jioni nikampigia baba. Niliogopa ataona nimemsema mbele za watu. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Nyuma ya bani nimepanda mikaratusi," akasema. "Hiyo inakua upesi, ni ya kuni. Mninga sijapanda. Mninga unampandia mjukuu."

Nikamwambia apande hata kumi. Akasema mbegu zake ni ngumu kutoa kwenye ganda, nikija likizo nizitoe mimi, si ndiye niliyejifunza kuchonga.

Choroko nimeihamishia kwenye kopo, ipo dirishani. Asha amebaki ameinamia kizibo kitupu. Baba anataka kuliona sanduku, kwa hiyo likizo naondoka nalo. Kondakta akitaka kulilipisha kama mzigo nitalipakata, kutoka hapa Dar mpaka Urambo.