Ua la Kivulini: Safari ya Amani, Usambara

Ndugu msomaji, huenda umewahi kuliona ua hili bila ya kulijua. Ni mmea mfupi, wa kukaa katika kopo au chungu kidogo cha udongo. Majani yake ni ya mviringo, manene, yenye vinyweleo laini kama kitambaa cha mahameli, na katikati yake huchomoza maua ya zambarau yenye kiini cha manjano. Mke wangu alilinunua mwaka jana kwa muuza maua wa kando ya barabara hapa Dar es Salaam. Alipomwuliza limetoka wapi, kijana yule alijibu bila kusita: "Hilo la Ulaya, mama. Halitaki jua letu."

Kuhusu jua alisema kweli. Kuhusu Ulaya ilibidi tusubiri mpaka binti yetu, aliye darasa la sita, aliposoma mahali kwamba Wajerumani huliita ua hilo Usambaraveilchen. Akaja kuniuliza: "Baba, hiyo Usambara ya Ulaya iko wapi?" Nilicheka, kisha nikaona aibu kidogo, kwani mimi mwenyewe nimezaliwa mkoa wa Tanga na sikuwa na jibu la maana la kumpa. Ilipofika likizo ya mwezi wa sita tulifunga mizigo, mimi na yeye.

Safari yenyewe si ya kutisha. Ukipanda basi la Tanga unashuka Muheza, mji wa machungwa, na hapo unatafuta gari la kwenda Amani. Barabara hupita mashamba na vijiji mpaka Sigi, mahali ambapo Wajerumani walijenga kituo cha reli nyembamba ya kushushia magogo kutoka mlimani. Reli haipo tena, lakini nyumba ya kituo imekarabatiwa, na sasa ndipo wageni wa hifadhi wanapopokelewa. Kuanzia hapo njia hupanda kwa kona hadi Amani yenyewe, kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari. Hewa hubadilika ghafla. Binti yangu aliomba sweta, jambo ambalo sijamsikia akilisema tangu azaliwe.

Tulipewa mwongozaji, mzee mmoja Msambaa mwenye mwendo wa taratibu na macho makali. "Shikamoo babu," akasema binti. "Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kuona nini?" Alipoambiwa ni ua, mzee alitabasamu. Watu wengi, alisema, huja kuona mbega na ndege, wanainua shingo siku nzima. Lakini mwenye kutaka ua hili lazima ajifunze kutazama chini, tena mahali penye giza.

Tukaingia msituni. Mtu aliyezoea jua la mjini hawezi kukisia kivuli cha msitu wa Usambara kilivyo. Juu kabisa matawi ya mitambara na miti mingine mirefu yamefumana kama paa. Chini yake kuna miti ya kimo cha kati, na chini ya hiyo makangaga na vichaka. Mwanga unaofika ardhini ni wa kijani, kama uliochujwa katika chupa. Hondohondo walipita juu kwa kelele, tukawasikia tu. Misitu hii, pamoja na ile ya Uluguru, Nguru, Upare na Taita, wataalamu huiita ya Tao la Mashariki. Imeishi muda mrefu mno kwa sababu ya unyevu utokao Bahari ya Hindi, hata katika zama ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka.

Karibu na kijito mzee alisimama, akanyosha fimbo. Palikuwa na jabali kubwa, limelowa, lenye ukoga wa kijani. Na juu ya ubavu wake ulio wima, katika nyufa ambazo hata kidole kisingeingia, ulikuwa umeshikilia mmea wetu wa Dar es Salaam! Haukuwa mmoja, bali ilikuwa mingi, midogo kwa mikubwa, majani yamelala juu ya jiwe, na hapa na pale ua la bluu ya zambarau, dogo kuliko lile la dukani, lakini lenye haya ya namna yake.

"Kwa nini linakaa jiwe wala si udongo?" aliuliza binti. Mzee alimwonyesha ardhi iliyo chini ya jabali: ilikuwa imefunikwa na majani makavu kiasi cha kuzamisha kifundo cha mguu. Mmea mfupi kama huu ungezikwa ukiwa hai. Ubavuni mwa jabali majani ya miti hayakai, mizizi mifupi inatosha, na maji hutiririka kidogo kidogo mchana na usiku.

Kisha alitufundisha kulitazama ua lenyewe. Lina vifuko viwili vya manjano vyenye chavua, na kijiti chembamba kinachopokea chavua, nacho hakikusimama katikati: katika ua moja kimepinda kulia, katika jingine kushoto, hata kama yote mawili ni ya mmea mmoja. Ua hili halimpi nyuki asali hata tone. Nyuki hulishika, akatetemesha mwili kwa mvumo mkali, na chavua ikamwagika kupitia vitundu vya vile vifuko. Binti yangu alikaa pale akihesabu: huyu kulia, huyu kushoto, huyu kushoto. Nilimwacha.

Basi ua hili lilifikaje Ulaya? Mwaka 1889 wakoloni wa Kijerumani walimnyonga Abushiri bin Salim huko Pangani. Miaka michache tu baadaye mkuu wa wilaya ya Tanga alikuwa bwana mmoja mwenye cheo cha ukabaila, Walter von Saint Paul-Illaire. Huyu aliliona ua kwenye miamba ya chokaa karibu na mji wa Tanga, na pia kwenye msitu wa Usambara, akampelekea baba yake Ujerumani. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen kule Hannover, ambaye mwaka 1893 aliliandika kitabuni kwa jina la Saintpaulia ionantha. Sehemu ya kwanza ni jina la mkuu wa wilaya, ya pili ni Kigiriki, yaani lenye ua kama la urujuani. Aliyekuwa akipita kando ya jabali lile kila siku akienda kuteka maji hakuulizwa.

Kampuni ya mbegu ya Ernst Benary, mjini Erfurt, ikaanza kuliuza. Mwaka 1927 wenye bustani ya Armacost na Royston, kule Los Angeles, Marekani, walitoa aina kumi walizozichagua katika miche mingi, na mojawapo, iitwayo 'Blue Boy', ikawa mama wa kizazi kikubwa. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hilo nchini Marekani waliunda chama chao. Leo aina zilizotengenezwa na binadamu ni maelfu: nyeupe, za waridi, za rangi mbili, zenye petali zilizojikunja kama ukingo wa gauni la harusi. Nyingine nimeziona katika picha, na kusema kweli zimepambwa kupita kiasi, zinanikumbusha keki.

Lakini mkoba wa aina hizo zote ni milima hii. Aina iitwayo grotei hutambaa kwa mashina marefu, na kutokana nayo na ndugu zake zikapatikana zile za kuning'inizwa katika vikapu. Shumensis, ya Shume katika Usambara Magharibi, ni ndogo sana, ikazaa zile za kukaa katika kikombe cha kahawa. Tongwensis ya mlima Tongwe ina jani lenye ncha na mstari mweupe katikati. Kuna magungensis ya Magunga, amaniensis ya hapa hapa, na jirani zetu wa Kenya wana teitensis, iliyopo katika msitu wa Mbololo, Taita, na si penginepo duniani. Tazama majina hayo, ndugu msomaji: ni orodha ya vituo vya basi vya watu wetu, imevalishwa Kilatini! Wataalamu wa siku hizi wamepunguza orodha hiyo, wakisema nyingi ni sura tofauti za spishi moja, na mwaka 2015 wakauondoa hata ukoo wa Saintpaulia na kuuingiza katika ule wa Streptocarpus. Mkuu wa wilaya amefutwa vitabuni, ingawa wenye maduka hawajali.

Nchi za baridi zina mmea wao maarufu wa bustani za kivulini, hosta, asili yake Japani, China na Korea, nao una aina maelfu vilevile. Huo huhitaji majira ya baridi kali ili ulale na kuamka. Hapa Dar es Salaam ungekufa kwa kukosa usingizi. Lakini bustani hizo hizo za kigeni hujazwa kila mwaka pia na ua jingine letu, lile ambalo watoto hugusa vitunda vyake vikapasuka na kurusha mbegu. Lilipelekwa Uingereza kutoka Zanzibar na katika miaka ya 1880 likaitwa Impatiens sultanii, kwa heshima ya Sultani. Leo huitwa walleriana. Huku kwetu huota mferejini na tunaling'oa.

Mchana mzee alitupeleka mahali pengine, nje ya mipaka ya hifadhi. Palikuwa na jabali lenye umbo kama la kwanza na kijito chembamba. Juu yake mbingu ilikuwa wazi. Mwamba ulikuwa mkavu, mweupe, una joto ukiuwekea kiganja. Hapakuwa na ua hata moja.

"Nilikuwa nalima iliki hapa," alisema mzee. Hakusema kwa majuto makubwa wala kwa kujitetea. Iliki, alieleza, nayo hutaka kivuli. Kwa hiyo mtu husafisha miti midogo ya chini na kuacha ile mirefu. Kwa miaka kadhaa fedha hupatikana, watoto husoma. Kisha ardhi huchoka, iliki hufifia, na kwa kuwa miche ya kurithi ile miti mikubwa ilikwisha kufyekwa, mtu huikata nayo na kupanda migomba na mahindi. "Mwanangu wa kwanza amekuwa mwalimu kwa iliki ya hapa," akaongeza. Nilitafuta la kumwambia sikulipata. Ni rahisi kwa sisi wa mjini kuwalaumu waliopanda iliki, huku chai yetu ya asubuhi ikinukia hiyo hiyo. Hata hivyo kivuli kile hakikuwa cha ua peke yake. Maji ya mto Sigi, yatokayo katika vilima hivi, ndiyo yanayokusanywa katika bwawa la Mabayani na kunywewa na wakazi wa jiji la Tanga.

Hifadhi ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, ikiwa na hekta 8,380 pamoja na bustani ya miti iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Ndani yake huruhusiwi kuchuma kitu. Na hapo ndipo penye kisa kilichonifanya niandike.

Tuliporudi kwenye nyumba ya wageni, nilimwona binti yangu amelifunga daftari lake kwa namna ya kulilinda. Nililifungua. Ndani kulikuwa na jani moja, bichi, lenye kijiti chake. Alikuwa amelichuma kwenye jabali la kwanza. Hakukana. "Baba, jani moja tu linatosha kuotesha mmea mzima. Nimesoma. Nataka mama awe na la kweli."

Ni kweli jani moja linatosha. Ndiyo njia maelfu ya miche huzalishwa nayo duniani. Nilikaa kitandani nikafikiri. Mbegu zile za Tanga zilipoondoka hakukuwa na sheria ya kuuliza mwenyeji. Mkataba wa Bioanuwai, unaotambua haki ya kila nchi juu ya mimea yake, ulikuja mwaka 1992, miaka mia baadaye. Ningemwambiaje mtoto kwamba bwana mkubwa alichukua akapewa jina kitabuni, na yeye mwenye nchi asichukue jani? Lakini jabali lile nililiona, na mimea iliyo juu yake ningeweza kuihesabu.

Asubuhi tulimpelekea mzee lile jani. Alilipokea kwa mikono miwili, hakugomba. Alimwita binti, wakarudi wote wawili mpaka kwenye jabali, akamwonyesha ufa wenye udongo mweusi kiasi cha kijiko, akamwambia alichomeke pale kwa mkono wake. Kama litashika sijui. Binti ameniahidisha kwamba mwaka ujao tutakwenda kuliangalia.

Nyumbani tulikuta kopo la mama yake limenyauka. Lilikuwa dirishani pa upande wa magharibi, likipigwa jua la alasiri kila siku. Tulilihamishia sebuleni, umbali wa hatua mbili kutoka dirisha la mashariki, mahali penye mwanga wa kutosha kusoma gazeti lakini pasipofika jua lenyewe. Sasa hatulimwagii maji juu, kwani majani yakilowa huota madoa. Kopo huwekwa katika sahani ya maji yasiyo baridi kwa nusu saa, kisha huondolewa. Mwezi wa Februari, joto linapozidi, ndipo patakuwa na kazi, na tumekubaliana kulishusha sakafuni kando ya mtungi.

Wiki iliyopita lilitoa ua moja. Kabla sijavua viatu nikitoka kazini, binti alinivuta mkono nikaone. Kijiti chake kimepinda kushoto.