Umefungwa kwa nini?

Ukipita vichochoro vya Mabibo jioni, kuanzia Mahakama ya Ndizi hadi Mabibo Mwisho, hutakosa kibanda kilichozungukwa na watoto. Vingine vina televisheni na PlayStation, na vijana wanapokezana pedi kucheza mpira wa kwenye kioo. Vingine vina dubwi, ile mashine ya kamari inayomeza sarafu za shilingi 200 na kutema kidogo pale inapotaka yenyewe. Sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini urefu wa mtoto mbele ya dubwi haupimwi na mtu.

Kwa mzazi anayerudi nyumbani amechoka, vyote hivyo ni gemu, na gemu ni gemu. Ndivyo alivyoamini mama mmoja anayeuza matunda katika Soko la Mabibo, mpaka alipoanza kuona kopo lake la chenji linapungua.

Upungufu haukuwa mkubwa. Leo mia tano, keshokutwa mia tano. Mara ya kwanza alijilaumu kwamba amehesabu vibaya, mara ya pili akamshuku msaidizi wake wa mezani. Siku aliyoamua kufua mashuka ndipo akakuta daftari chini ya godoro la mwanawe wa kidato cha tatu. Ndani hapakuwa na fizikia wala kemia. Kulikuwa na majina yasiyosomeka, michoro ya madude yenye mabawa, na tarakimu zimejaa ukurasa: 252, 252, 4. Asilimia 70. Asilimia 100. Mara 2. Mara 4.

Moyo ulimshuka. Anayeishi Dar es Salaam anajua tarakimu za namna ile zinakaa wapi.

"Huu mkeka wa nani?" alimuuliza.

"Si mkeka, mama. Ni timu."

"Timu gani hiyo haina Simba wala Yanga?"

Kijana alijieleza huku ameinamisha kichwa. Timu ilikuwa ya Pokémon. Na mia tano za kwenye kopo, ndiyo, alizichukua yeye. Alinunulia bando. Alikuwa amechukua mara kumi na tano.

Shilingi 7,500 si pesa ya kufilisi genge, lakini mama hakuwa akilia pesa. Kwa wiki kadhaa alimwangalia msaidizi wake kwa jicho la mashaka, na binti wa watu hakuwa na kosa. Simu ilifungiwa kabatini. Adhabu ikatajwa: kila Jumamosi alfajiri, kijana atakwenda sokoni kubeba mikungu, na kila Jumamosi itafuta shilingi 1,500 ya deni. Jumamosi tano. Na kabla ya yote, atamwomba radhi yule dada wa mezani, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

Aliomba. Dada alisema yamekwisha, lakini hakumtazama usoni.

Aliyeuliza zaidi kuhusu daftari ni babu, baba yake mama, ambaye anakaa nao na mchana hushinda barazani akicheza bao. Alimwita mjukuu akamketisha karibu.

"Haya, niambie. Hao madude wanapiganaje?"

Kijana akaeleza. Pokémon ni mchezo wa Kijapani ulioanza kuuzwa mwaka 1996, na jina lake ni kifupi cha maneno yenye maana ya madude ya mfukoni. Aliyeubuni, Satoshi Tajiri, utotoni alikuwa mpenzi wa kukusanya wadudu, na mchezo wake ni huohuo wa kukusanya, isipokuwa viumbe wake wanapambana. Sasa wamefika zaidi ya 1,000. Anayecheza kwa ushindani huchagua sita tu. Kila mmoja hubeba mapigo manne, wala hazidishi. Kila kiumbe ana asili yake: moto, maji, majani, umeme, jiwe, chuma, na kadhalika hadi asili 18. Maji huzima moto, moto huunguza majani, majani hunywa maji. Kupigana ni kwa zamu: wewe unaamua, mwenzako anaamua, ndipo matokeo yanaonekana. Mashine ya kuchezea ya Kijapani hana. Anatumia Pokémon Showdown, ambayo inafunguka kwenye simu yoyote yenye intaneti, na mtu huunda timu kwa kuandika tu, bila kulipia chochote zaidi ya bando.

Babu alitikisa kichwa polepole. Bao lina safu nne za mashimo manane na kete 64, na mchezaji mzuri hatazami shimo lake lililojaa peke yake. Anatazama mwenzake akila litakuwaje.

"Kumbe ni bao," alisema, "ila kete zenu zina meno."

Maneno ya babu hayakufungua kabati. Mama alisikia, akanyamaza, akaendelea kupanga mananasi yake.

Jumamosi ya tatu ndiyo iliyobadili mambo. Lori la ndizi kutoka Tukuyu lilichelewa kwa sababu ya mvua njiani, na watu wa soko walikaa juu ya matenga kusubiri. Mama na mwana hawakuwa na la kufanya. Mama akasema, "Hebu nieleze hao madude wako. Unasema ulikuwa unafungwa kila siku. Umefungwa kwa nini?"

Kijana alidhani anajua. Alikuwa amechagua wenye nguvu watupu: Charizard, Moltres, Volcarona, Dragonite, Salamence na Gyarados. Kila mmoja, kwa kijana, ni tishio. Lakini kuna mtego mmoja ambao wapinzani hupenda kuutega mapema, mawe yanayoelea ambayo humpiga kila anayeingia uwanjani. Charizard akiingia, nusu ya uhai wake imekwenda kabla hajainua mkono. Moltres vilevile. Volcarona vilevile. Hao wengine watatu, kila mmoja anapoteza robo.

"Kwa hiyo wote sita wanaogopa jiwe," mama alisema.

Kijana akafikiri. Akahesabu kwa vidole. "Ndiyo, mama. Wote."

"Basi hukufungwa na jiwe. Umewanunua wote njia moja." Akaonyesha kwa kidevu upande wa barabara ambako lori halikuwa limetokea. "Mimi ningeweka mtaji wote kwenye ndizi za Tukuyu, leo ningeuza nini?"

Meza yake siku ile ilikuwa na mananasi ya Kiwangwa, machungwa ya Muheza na parachichi za Njombe. Faida ya ndizi ni nzuri kuliko ya machungwa, kila muuza matunda anajua. Lakini machungwa yapo mezani kwa ajili ya siku ambayo ndizi hazikufika.

Kijana alichomoa kalamu. Nyuma ya karatasi ya risiti, juu ya tenga, akaanza upya. Safari hii hakuuliza nani ana nguvu. Aliuliza nani anaogopa nini, na nani atasimama badala yake. Gyarados anaumizwa vibaya na umeme. Amweke Quagsire, ambaye umeme haumgusi kabisa. Quagsire naye anaogopa majani. Charizard majani kwake ni nyasi kavu mbele ya kibiriti. Charizard anaogopa jiwe. Excadrill, fuko mwenye makucha ya chuma, jiwe kwake si kitu, na isitoshe ana pigo la kuzunguka kama pia linalofagia ile mitego ya mawe. Excadrill anaogopa maji, na maji hayamtishi Gyarados. Mzunguko ukafunga.

Mama alifuatisha kidole cha mwanawe kutoka jina hadi jina.

"Huu ni upatu," alisema. "Leo mimi, kesho wewe. Akitoka mmoja, wote mmekwisha."

"Ndiyo maana kuna wawili wengine, mama."

Hapo mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu daftari lile lionekane.

Wakaendelea na tarakimu zilizomtisha. Zile 252, 252 na 4 zilikuwa mgawo wa mtaji: kila kiumbe hupewa pointi 510 za kugawa katika sifa sita, kama uhai, kasi, nguvu na ulinzi, na sifa moja haipokei zaidi ya 252. Ukijaza mbili, zinabaki 6, na katika hizo ni 4 tu zenye faida. Huwezi kuwa na kasi na nguvu na ulinzi vyote kwa pamoja. Lazima ukubali kukosa kitu.

Zile asilimia zilikuwa za kulenga. Pigo la umeme liitwalo Thunder lina nguvu 110, lakini hulenga mara 70 katika 100. Ndugu yake, Thunderbolt, ana nguvu 90, na kwa kawaida halikosi. Kijana kila siku alichukua lile kubwa, na lilikosa siku aliyolihitaji. Mama hakuhitaji maelezo zaidi. Ana wateja wa aina zote mbili: wanaotaja bei kubwa na kulipa siku wanapojisikia, na wanaopunguza kidogo lakini pesa ipo mkononi. Anajua ni wapi wanaolipa ada ya shule.

Siku hiyo hiyo mama alielewa pia tofauti aliyokuwa akiitafuta bila kujua. Hata katika gemu la mwanawe bahati ipo, lakini imeandikwa. Mchezaji anajua kabla ya kupiga kwamba katika 100 atakosa 30, na ana hiari ya kuchagua lingine. Mbele ya dubwi hakuna kilichoandikwa cha kumsaidia mtoto, na hakuna cha kuchagua isipokuwa kuweka sarafu au kuondoka.

Kuna mfano ambao kijana anapenda kuusimulia. Mwaka 2014, katika mashindano ya dunia ya Pokémon huko Washington, Marekani, Se Jun Park wa Korea Kusini alikuja na Pachirisu, kindi mdogo wa umeme ambaye wachezaji wengi wakubwa hawakumfikiria. Pachirisu hakuletwa kuua. Aliletwa kuwaita wapinzani wampige yeye ili mwenzake apate nafasi ya kufanya kazi, na umeme uliotumwa kumwangusha Gyarados yeye aliunywa ukawa dawa. Park akawa bingwa wa dunia. Mama aliposikia alisema tu kwamba kila nyumba ina Pachirisu wake, na mara nyingi hashukuriwi. Kijana hakujibu. Jioni ile alimbebea dada wa mezani ndoo mbili za maji bila kutumwa.

Jumamosi ya tano deni liliisha na simu ikatoka kabatini, kwa masharti. Bando ni la Jumamosi jioni na Jumapili mchana, na fedha yake hutoka katika ujira wa kubeba mikungu, kazi ambayo kijana ameendelea nayo. Kopo la chenji sasa anahesabu yeye, mbele ya mama na yule dada, na kiasi kinaandikwa. Siku za shule simu hulala chumbani kwa mama.

Isidhaniwe kwamba gemu limefanya muujiza. Hisabati yake bado ni ya wastani, na mwalimu anasema anaharakisha. Yapo pia majirani wanaomwambia mama kwamba ameruhusu mashetani ndani ya nyumba. Huwajibu kwa upole kwamba mashetani yale ameyahesabu, ni sita, na kila moja anajua linaogopa nini.

Wazazi wengi huuliza gemu lipi lina madhara na lipi halina, na wangependa wapewe orodha. Orodha hiyo itachakaa kabla gazeti halijafungiwa maandazi, maana magemu mapya hutoka kila siku. Swali la yule mama linadumu zaidi, na halihitaji kujua hata jina la gemu. Mtoto akimaliza kucheza, muulize: umefungwa kwa nini? Akiwa na jibu, hata kama ni refu na lina majina ya ajabu, kaa umsikilize, kwa sababu anajifunza kujitazama. Akisema "bahati tu, nikiongeza mia mbili itarudi", inuka uende ukakione hicho kibanda kwa macho yako.

Ile timu mpya ilipocheza mapambano matano ya kwanza, ilifungwa matatu. Kijana alikuja jikoni na daftari, akaeleza moja baada ya jingine kosa lilipoanzia: hapa aliwahi kumtoa Quagsire, pale alisahau kufagia mawe, la tatu mwenzake alimzidi akili. Mama alikuwa akimenya ndizi. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia alete kisu kingine amsaidie.