Aliyeweza Kusubiri Bei

Zamani alizeti yangu iliuzwa kabla sijaivuna. Kwetu Iramba, Tanzania, mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Ikifika Februari ghala ni tupu, na shule inadai mchango wa chakula. Hapo ndipo dalali anapokuja na fedha taslimu. Gunia anapanga bei yeye, na Juni anafuata mzigo wake.

Kilichonitoa huko ni VICOBA, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Tulijikusanya wanawake wa kitongoji, tukanunua hisa kila wiki, na Februari moja nikakopa kwa wenzangu badala ya kwa dalali. Magunia niliyafungia ndani hadi Oktoba, wenye mashine za kukamua walipoanza kuyatafuta. Faida ile iliezeka nyumba kwa bati. Baadaye nikapata hati ya kimila ya shamba, benki ikanikopesha. Siku hizi nauza mafuta, na mashudu wananunua wafugaji.

Shuhuda nyingi huishia hapo, watu wakapiga makofi. Mimi nina jirani. Analima shamba la kukodi, na wakati wa palizi anafanya kibarua, mara nyingine kwangu. Alijiunga na kikundi, hisa zikamshinda, akatoka. Simu ya kupokelea fedha anayo kama mimi, ila zikiingia zinapita tu. Na benki imkopeshe kwa dhamana ipi? Mwaka 2023 bei ya alizeti ilipoporomoka, mimi nilishikilia mzigo. Yeye aliuza kwa bei ya kutupa, maana madeni hayakusubiri.

Takwimu za taifa zinasema umaskini wa mahitaji ya msingi ulishuka kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi 26.4 mwaka 2017/18, miaka ambayo uchumi ulikua kwa takriban asilimia sita kwa mwaka. Uchumi mbio, umaskini ukijikokota. Sishangai. Februari jirani yangu anakopa kwangu, na Juni ananilipa kwa magunia. Bei ni nafuu kuliko ya dalali, lakini naipanga mimi.

Kikundini nimependekeza hisa ndogo kwa wasio na shamba, na marejesho yasubiri mavuno. Wenye hisa nyingi wanalalamika kwamba gawio lao litapungua. Ni kweli, litapungua, na langu pia. Tutapiga kura kabla ya palizi.